Mngojeni aliyeko baharini

Mhariri, mmetuuliza wasomaji: kampuni za kura za maoni zikija kaunti yenu, ni swali gani la siasa lafaa kuulizwa? Nimelisoma barazani hapa Langoni, mtaa wa mji wa Amu, Lamu, na kila aliyekuwepo akatoa lake: gavana, mbunge, hatimiliki za mashamba, vijana na unga. Mimi naona tumerukia mbele. Kabla ya kuchagua swali, tutazame anaulizwa nani, saa ngapi, na jibu lisilokuwemo kwenye orodha linapelekwa wapi.

Msimamo wangu nauweka wazi. Sioni faida ya hizi orodha za kupanga magavana wa kaunti 47, wa kwanza hadi wa mwisho. Ikitoka, wa upande huu hushangilia, wa upande ule husema imenunuliwa, na gati zetu hubaki vilevile.

Miaka michache nyuma nilikuwa Siyu, kisiwani Pate, kwa shangazi yangu, wakati wa kaskazi, bahari imetulia na wanaume wengi hawapo. Akabisha hodi binti mmoja aliyetoka Mombasa, tableti mkononi. Binti wa adabu: alisalimu, akauliza afya za watu wote wa nyumba, ndipo akataja kazi iliyomleta. Shangazi akamtandikia mkeka, akaleta kahawa na mahamri, akamuuliza yeye ni mwana wa nani. Binti alijibu lote bila haraka, ingawa haraka alikuwa nayo, kama tulivyokuja kuona.

Akatueleza kwamba nyumba hakuichagua yeye. Anahesabu nyumba kwa mpango aliopewa, na ile anayoiangukia ndiyo hiyo. Kisha akaandika watu wazima wanaolala pale, na mashine ikachagua mmoja. Ikamchagua mwana wa shangazi, naye alikuwa ameenda dago, kambi ya wavuvi, na wenzake, upande wa Kiunga.

"Niulize mimi," akasema shangazi. "Mimi ndimi mamake."

Binti akamwomba radhi. Alisema hawezi kubadilisha mtu ndani ya nyumba, kwa sababu ikiruhusiwa hivyo atajibu kila mara yule mwenye kauli au yule asiye na kazi, na wengine hawatasikika kamwe. Hili nililipenda, na hadi leo nalitetea. Akauliza huyo kijana atarudi lini, amfuate. Shangazi akasema, "Bamvua likiisha, Mungu akipenda," yaani siku za maji kujaa na kupwa sana zikipita.

Hapo ndipo mpango ulipovunjika. Nahodha wa boti alikwisha kutuma mtoto kumwambia binti maji yanapwa, na aliyekusudia kulala Amu sharti awahi Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, kabla haujakauka. Hakuwa na pa kulala, wala hakupewa fedha ya siku ya pili. Akafunga jina la yule kijana, akahamia nyumba nyingine, nasi tukamsindikiza.

Huko mashine ilimchagua mama mtu mzima, jirani yetu. Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri. Kisha likaja hili: unaridhika kwa kiasi gani na hali ya barabara katika kaunti yako? Yule mama akamtazama kwa huruma.

"Barabara ipi, mwanangu? Ndia yetu ni mai." Yaani njia yetu ni maji.

Binti akarudia swali, taratibu, kisha akamsomea majibu: naridhika sana, naridhika, wastani, siridhiki, siridhiki kabisa. Mama akamwambia aandike vile aonavyo mwenyewe. Binti hakuruhusiwa. Wakatazamana, na mwishowe mama akasema, "Basi andika sijui."

Mhariri, yule mama anajua. Anajua maji yanajaa saa ngapi leo na kesho. Anajua nauli ya boti ya abiria na bei ya kukodi boti nzima usiku, mgonjwa akizidiwa. Mjukuu wake alizaliwa botini, wakisubiri maji yapande wapate kupita. Hiyo ni siasa tupu, kwa sababu kuchimba mlango wa bahari na kujenga gati ni bajeti, na bajeti hupitishwa na watu waliochaguliwa. Lakini aliyetunga swali lile aliwaza lami. Kwenye hesabu, mama akawa mtu asiye na maoni.

Swali la usalama liliulizwa mlango wazi, watoto na majirani wamejaa ukumbini. Akajibu, "Alhamdulillahi." Aliyeishi Lamu tangu mashambulizi ya 2014 anaelewa kwa nini hakuongeza neno.

Sasa tazameni hesabu. Sensa ya 2019 ilituhesabu Lamu nzima watu 143,920, katika Wakenya milioni 47 na nusu. Kampuni ikihoji watu 2,000 nchi nzima na kugawa kwa haki, fungu letu ni watu sita. Kwa watu sita, jibu laweza kupotoka hadi kama asilimia 40 huku au kule. Haliwezi kumpima gavana wala diwani. Na mmoja wa hao sita yuko dago.

Nikilazimishwa kutaja swali, nitataja hili: jambo hili kabla halijaamuliwa, ulielezwa, na uliposema ulisikizwa? Ujenzi wa bandari ya Lamu ulizinduliwa Machi 2012. Wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600, ikasema wazi kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Juni 2019 baraza la kitaifa la kuamua kesi za mazingira likafuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi, na sababu mojawapo ni hiyohiyo. Mara mbili waamuzi wametafuta jibu ambalo lingepatikana mapema kwa kuketi na watu mkekani, kabla ya matingatinga na kabla ya mawakili.

Nikifika hapa moyo unanirudi. Yule binti alivuka bahari kuja kuuliza, na hakuja kuomba kura. Ni wachache wanaofika Siyu kwa nia hiyo. Tukisema kura za maoni zisije kwa sababu zinauliza vibaya, Siyu haitaandikwa hata hilo "sijui".

Kwa hiyo waje. Na hata lile swali la gavana, ambalo nimelikataa hapo juu, waliulize, mradi waliulize kwa maneno yaleyale kila mwaka, ili tuone linapanda au linashuka. Lakini Lamu ihojiwe kivyake, watu wasiopungua 400, ndipo kosa lishuke kufikia kama asilimia tano. Waliosema "sijui" wachapishwe idadi yao. Penye barabara pawe na gati na mlango wa bahari. Mhojaji alipwe siku za kungoja bamvua liishe, amkute aliyechaguliwa, amuulize faraghani.

Ila wasije miezi ya kampeni, maana wakati huo kila mwenye tableti huonekana mtu wa chama. Sheria ya 2012 kuhusu kura za maoni za uchaguzi inamtaka mchapishaji amtaje aliyefadhili. Mimi ningetaka atajwe mlangoni pia, kabla ya swali la kwanza, kwa sababu Siyu watamuuliza mgeni ni nani aliyemlipia nauli, na jibu lake ndilo litakaloamua kama atapata ukweli au Alhamdulillahi.

Msomaji wenu, Langoni, Amu