Re: Mishale inaanguka chini tangu nibadilishe vichwa

Ndugu, umeuliza kwa nini mishale yako inatua chini kwenye mita 50 tangu uweke vichwa vizito. Upinde ni uleule na nguvu ni zilezile, kwa hiyo mshale mzito unatoka polepole na kuanguka zaidi. Hilo la kimo utalirekebisha kwenye kilengeo.

Kubwa ni mahali mshale unapolingana uzito, mbele na nyuma. Chukua rula, isimamishe kwa ubavu mezani, laza mshale juu yake na uusogeze mpaka utulie bila kuinama. Weka alama. Tuseme kutoka kwenye mfuo wa ugwe (ule mkato wa nyuma unaoshika kamba ya upinde) hadi mwisho wa kijiti, yaani mwili wa mshale, bila kuhesabu kichwa, ni sm 72: katikati ni 36. Ukitulia kwenye 44 kutoka kwenye mfuo, umezidi katikati kwa 8. Gawa kwa 72, upate kama asilimia 11. Kwa kulenga shabaha, asilimia 10 hadi 15 inafaa. Mbele pakiwa pazito kiasi, manyoya yanaunyoosha mshale upesi. Lakini kichwa kizito pia hukifanya kijiti kipinde zaidi kinapotoka. Jaribu kwa mshale usio na manyoya: kama unavuta kwa mkono wa kulia na mshale huo unakwenda kulia, kijiti kinapinda kwa urahisi mno.

Tena pima kila mshale peke yake. Mimi niliteseka wiki kadhaa na mmoja uliotua chini kila Jumamosi pale Kasarani. Sonara mmoja wa mjini alinipimia: gramu 1 zaidi ya wenzake, gundi imeganda ndani ya kichwa!