AHU ya tani 10 juu ya dari la jipsamu: jibu la fundi aliyewahi kulowesha ukumbi wa watu

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa ana ukumbi wa mikutano ghorofa ya pili hapa Dar, unabeba watu kama 50. Kanunua AHU, yaani mashine ya kupoza na kusukuma hewa, ya tani 10 za ubaridi (si za uzito), yaani BTU 120,000 kwa saa, ya kufichwa juu ya dari na kusambaza hewa kwa dakti, ile mifereji ya hewa. Kibao chake kinasema kilo 140. Fundi kamwambia ni kazi ya siku mbili, ataibana kwenye fremu ya chuma ya dari la jipsamu. Jamaa anauliza kama ni salama, na akague nini.

Kwenye fremu ya jipsamu, hapana. Mwambie asimame kwanza.

Hii kazi naifanya mwaka wa kumi na tisa sasa. Nilianza kubeba mitungi ya gesi Kariakoo, nikapanda hadi kufunga mashine za mahoteli. Nilichojifunza ni kwamba wateja na mafundi wengi huitazama AHU kama kitu cha baridi, kwa hiyo akili yote inaishia kwenye gesi. Mimi naitazama kama mzigo unaoning'inia juu ya vichwa vya watu, wenye feni inayovuta kwa nguvu na beseni la maji ndani yake. Gesi naifikiria mwishoni.

Tuanze na mzigo. Fremu ya jipsamu imetengenezwa ibebe bodi za jipsamu na taa kidogo, basi. Kilo 140 zinazotikisika mchana kutwa zitailegeza skrubu moja moja. Mashine lazima ishikwe na slabu ya juu, lile zege la ghorofa, kwa bolti za zege zinazopanuka na fimbo za hesi, nne au sita kadiri kitabu cha mashine kinavyosema. Ukigawa 140 kwa nne unapata kilo 35 kila fimbo, lakini hiyo ni hesabu ya darasani. Upande wa mota ni mzito kuliko upande wa koili (mabomba yanayopoza hewa), na siku moja nati ikilegea, fimbo mbili zinabaki na kazi ya nne. Mimi hupiga hesabu kama vile fimbo mbili tu ndizo zinazobeba kila kitu, halafu naongeza nafasi juu yake. Fimbo zangu ni za milimita 12 hata pale ambapo za 10 zingetosha. Tofauti ya bei haifiki nauli ya kunirudisha.

Kabla ya kutoboa, uliza slabu ni ya aina gani. Majengo mengi ya siku hizi yana slabu ya mabloku yenye uwazi ndani, na zege halisi limepita kwenye mbavu tu kati ya bloku na bloku. Ukitoboa kwenye bloku, bolti itaingia vizuri, itakaza vizuri, na haijashika kitu. Kuna slabu nyingine zina nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu kubwa ndani ya zege. Huko usitoboe hata tundu la taa mpaka mhandisi wa jengo akuonyeshe zilipopita. Na vumbi la tundu lipulizwe litoke lote. Bolti iliyokaa juu ya vumbi hudanganya spana.

Kati ya fimbo na mashine weka mpira au springi za kumeza mtikisiko. Usipoweka, ghorofa ya tatu watakupigia simu usiku. Dakti nazo zishikwe na vyuma vyake zenyewe, zisining'inie kwenye mdomo wa mashine, na hapo zinapoungana pawe na kitambaa cha turubai ili mtikisiko usisafiri.

Kuipandisha: winchi ya mnyororo au lifti ya kunyanyulia yenye magurudumu. Nimeshuhudia vijana wanne juu ya ngazi mbili na mashine mabegani, mmoja anahesabu "moja, mbili, tatu". Ngazi ni ya mtu mmoja aliyeshika spana. Chini ya mzigo asipite mtu, hata bosi aliyekuja kuangalia maendeleo. Hasa bosi, maana yeye huwa havai kofia.

Sasa nifike kwenye maji, ndipo niliposomea kwa ada kubwa.

Hewa ya Dar imebeba maji. Mashine ya tani 10 ikifanya kazi sawasawa siku ya joto la Februari, koili yake inaweza kutoa lita 15 hivi kwa saa. Ndoo kubwa ya lita 20 inajaa kabla mkutano haujafika chai ya saa nne. Maji hayo yote yanashukia kwenye beseni chini ya koili, yatoke kwa bomba la dreni. Watu wanadhani dreni ni bomba lenye mteremko tu. Mteremko unatakiwa, angalau sentimita 1 kwa kila mita, upimwe kwa pima maji na si kwa jicho. Lakini mteremko peke yake hautoshi.

Miaka hiyo nilifunga mashine kama yako kwenye ukumbi mmoja Mikocheni. Nikamwaga maji kwenye beseni, yakatoka chuu, nikasaini. Wiki ya pili naitwa: maji yanadondoka juu ya meza ya mbele katikati ya semina. Nafika, nazima mashine ili nipande, nachungulia, maji yanatoka vizuri kabisa kwenye bomba. Nikasema labda ni jasho la dakti, nikaongeza sponji. Naitwa tena. Nazima, napanda, maji yanatoka. Mara ya tatu bodi ya jipsamu ikashuka yenyewe, imelowa kama mkate kwenye chai. Bodi nililipa mimi.

Mzee mmoja aliyenifundisha kazi alinisikiliza, akacheka, akaniambia: "Wewe unajaribu dreni feni ikiwa imelala."

Tatizo lilikuwa hilo. Kwenye AHU nyingi feni iko baada ya koili, kwa hiyo beseni liko upande wa kuvutwa. Feni ikizunguka, inanyonya hewa kupitia kila tundu, likiwemo bomba la dreni. Hewa inayopanda kwenye bomba inayazuia maji kushuka. Beseni linajaa, linafurika. Ukizima feni ili ukague, mnyonyo unakwisha, maji yanaporomoka yote, na wewe unaona dreni nzima. Ndiyo maana nilidanganyika mara tatu.

Dawa yake ni trapu, ile kona ya U kama iliyo chini ya sinki, ikae na maji muda wote kama kizibo. Lakini si trapu yoyote tu. Kipimo kinatokana na nguvu ya feni. Paskali 100 za mnyonyo zinanyanyua maji milimita 10 hivi. Kama pale kwenye beseni mnyonyo ni paskali 500, ni milimita 50. Kwa hiyo mdomo wa kutokea wa trapu unatakiwa uwe chini ya tundu la beseni kwa hizo 50, ukiongeza 25 za akiba, ndiyo 75. Halafu kona yenyewe izame chini zaidi, nusu ya hapo hivi, kama 40. Jumla unahitaji sentimita 11 au 12 chini ya tundu la beseni, bado hujahesabu unene wa bomba na mteremko wa kwenda nje.

Unaona hiyo inakupeleka wapi? Urefu huo lazima upatikane kabla mashine haijapanda. Ukishaining'iniza na kukuta chini yake kuna sentimita 5 tu mpaka kwenye jipsamu, hakuna trapu itakayoingia, na fundi atakwambia "tutaweka bomba moja kwa moja, haina shida". Pima leo: kimo cha slabu, kimo cha mashine, fimbo, trapu, mteremko mpaka bomba linapotokea ukutani. Kama hesabu haikubali, shusha dari au hamisha mashine isogee ukuta wa nje.

Trapu ni moja tu kwa mashine, usifunge ya pili mbele kwenye bomba hilo hilo. Mwagia maji kabla ya kuwasha, maana trapu kavu ni sawa na hakuna trapu. Ukumbi ukifungwa mwezi mzima, mwagia tena. Na bomba lisiunganishwe moja kwa moja na bomba la choo. Liishie juu ya mdomo wa kumwagia maji bila kuugusa, hewa ipite kati, la sivyo siku trapu ikikauka feni italeta harufu ya choo ukumbini, na wageni watatazamana.

Chini ya mashine nzima weka beseni la pili la bati, lenye bomba lake linalotokea mahali pa kuonekana, kwa mfano juu ya dirisha. Likidondosha, kila mtu anajua kuna jambo. Ndani yake weka swichi ya boya inayozima mashine maji yakipanda. Vitu viwili hivyo ni bei ya bodi chache za jipsamu.

Umeme sitauzungushia. Mashine hiyo pengine ni ya fezi tatu, volti 400, kwa hiyo laini yake ivutwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, iwe na breka yake peke yake, waya wa ardhi, na swichi ya kukatia iliyo karibu na mashine, inayoonekana na aliye juu ya ngazi. Na kufuli. Kijana niliyefanya naye kazi alipoteza ncha ya kidole kwenye mkanda na puli kwa sababu mtu wa jengo aliona swichi imezimwa, akadhani imesahauliwa, akawasha. Tangu hapo mimi nafunga swichi kwa kufuli, ufunguo mfukoni mwangu, na kikaratasi chenye jina langu. Hata baada ya kuzima, pima kwa mita kabla ya kugusa, na kapasita zipe muda ziishiwe chaji.

Fezi zikipishana, mota inazunguka kinyume, na hapa kuna mtego. Feni ya ngoma ikizunguka kinyume bado inapuliza kwa kupitia mdomo ule ule, ila kidogo sana. Fundi anaweka mkono, anahisi upepo, anasema safi. Baadaye koili inaganda barafu na watu wanalaumu gesi. Tazama mshale uliochorwa kwenye ngoma ya feni, usitegemee mkono.

Gesi kwa ufupi. Wakati wa kuchomelea mabomba ya shaba, nitrojeni ipite ndani taratibu ili masizi yasijengeke. Kupima uvujaji ni kwa nitrojeni kavu yenye regyuleta, mpaka presha iliyoandikwa kwenye kibao, ikae usiku mzima. Fundi akija na mtungi wa oksijeni kwa kazi ya kupima presha, mtoe nje ya jengo, sitanii. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili ya kompresa inalipuka. Kisha vakyumu, yaani kunyonya hewa yote iliyo ndani ya mabomba, mpaka geji isome chini ya maikroni 500, pampu izimwe na geji isipande. Soma pia kibao kama gesi yake ni aina ya R32: inashika moto, ingawa si kwa wepesi, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo kitabu cha mashine kina kiwango cha ukubwa wa chumba. Usiruke ukurasa huo.

Moshi pia. AHU ikivuta moshi wa chumba kimoja itaugawa ukumbi mzima kwa dakika chache. Kama jengo lina kengele za moto, mashine iunganishwe nayo izime yenyewe. Dakti ikipenya ukuta wa kuzuia moto, iwekewe mlango wake wa kujifunga. Na hewa ya kurudi isivutwe karibu na choo, jiko au jenereta.

Acha mlango wa kupandia kwenye dari, wa mtu mzima na si wa paka, upande wa filta na mota. Mwachie fundi sentimita 60 za kukaa. Mashine isiyofikika haisafishwi.

Siku ya kukabidhiwa, mwambie awashe feni kwa kasi ya juu kabisa, na filta ziwe ndani na milango yote ya mashine imefungwa. Halafu amimine ndoo nzima ya maji kwenye beseni kupitia tundu la ukaguzi, polepole. Simama nje bomba linapoishia uhesabu. Maji yatoke feni ikizunguka. Ajaze beseni la pili mpaka boya lizime mashine. Ashike fimbo moja moja umwone anakaza nati ya pili juu ya ya kwanza. Apime ampea za mota alinganishe na kibao.

Kuhusu siku mbili: kwa vijana watatu wenye winchi, mimi naomba siku nne, na usiku mmoja wa nitrojeni ndani yake. Usimruhusu arudishe bodi za jipsamu kabla hujapiga picha huko juu. Piga nne: bolti kwenye slabu, trapu kutoka ubavuni ukiwa umeweka futi ya kupimia, beseni la pili, na swichi ya umeme. Ziweke hapa tuzione.