Vitambaa na sayansi kwa watoto wa miaka 5 na 6: anzia kwenye uzi

Mwalimu, umeuliza kwa nini watoto wanachoka upesi ukiwapa vipande vya vitambaa waguse na kusema "laini" au "kigumu". Wanachoka kwa sababu hakuna cha kugundua hapo. Wape pamba kwanza, kitambaa baadaye.

Kila mtoto apate pamba ya kufutia vidonda, ukubwa wa kidole gumba. Aivute tu: inakatika bila nguvu. Kisha aivute polepole huku akiisokota, vidole vya mkono huu na huu vikiachana sentimita 2 tu. Wengi hutanua mikono mno. Nyuzinyuzi za pamba ni fupi, kwa kawaida hazizidi sentimita 3, kwa hiyo mikono ikiwa mbali hakuna unyuzi unaofika pande zote mbili. Zinateleza na kuachana. Akisokota kinyume, uzi unafumuka. Mwache afumue na kusokota tena, maana msuguano, yaani nyuzinyuzi kushikana zinapobanwa pamoja, ataujua kwa vidole kabla hujautaja.

Baada ya hapo, maji. Kata vipande vya kitambaa cha pamba na cha poliesta (kitambaa cha nyuzi za plastiki) vyenye unene unaokaribiana, upana sentimita 2, urefu 15. Weka alama kwa penseli sentimita 1 kutoka chini (wino husambaa), vining'inize mpaka alama iguse maji yenye rangi ya chakula, na baada ya dakika 5 wapime yamepanda wapi. Kitambaa kipya huharibu jaribio hili: mara nyingi kina dawa za kiwandani zinazofanya maji yagome kupanda. Kifue mara mbili kwa maji ya moto na sabuni, usitie dawa ya kulainisha nguo.

Poliesta ikishinda, usidhani umekosea. Maji hupanda kwenye mianya kati ya nyuzinyuzi. Pamba huyanywa mpaka ndani, poliesta karibu haiyanywi kabisa. Ili walione hilo, loweka vyote, kamua, anika pamoja kivulini, waguse kila dakika 10. Poliesta hutangulia kukauka.

Ukiwa na kioo cha kukuzia, linganisha fulana na shuka. Fulana ni vitanzi, ndiyo maana inavutika. Shuka ni mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana zilizopishana, haivutiki sana mpaka uivute mshazari. Wavute wenyewe, pande zote.

Jaribio la kuchoma nyuzi ili kutambua aina ya kitambaa liache kabisa kwa umri huu: poliesta huyeyuka, na tone lake hunata kwenye ngozi likiwa bado la moto.