Re: Bosi kakodi ndege Kisongo, wabeba mizigo niwape ngapi?

Mkuu hapo Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, hakuna bei iliyopangwa, bahshishi ni hiari na hamna atakayekununia usipotoa. Mimi nikisindikiza wageni Kisongo huwa natoa elfu tano au kumi kwa anayebeba mabegi mpaka kwenye ndege, ila kama wako watatu wanne na mizigo ni mingi bora umpe kiongozi wao hela ya wote mbele ya wenzake, maana ukimpa mmoja pembeni wengine hawaioni hiyo hela hahaha. Shilingi inatosha kabisa, vidola vilivyochakaa wanahangaika navyo kubadilisha.

Wa kujaza mafuta kwenye ndege watu humsahau, na yeye ndo anasimama juani. Ila subiri amalize kwanza na usianze kubonyeza simu umtumie M-Pesa pale wakati mafuta yanaingia, toka nje ndo utume.

Rubani mwambie asante inatosha. Afisa usalama au wa uhamiaji usimpe kitu kabisa, hiyo sio bahshishi tena, na neno "chai" usilitamke karibu yao. Mabegi yawe laini lakini, Caravan, hizo ndege ndogo za kukodi, haipendi masanduku magumu.