Usiondoke Kivuli Kikichelewa

Mwaka wa kwanza nilipoamua kujifunza elimu ya anga, nilisoma kwamba mahali popote palipo kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, na kwamba adhuhuri ya siku hiyo kitu kilichosimama wima hakina kivuli. Hapa Tanga, takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, siku hizo huangukia tarehe 7 au 8 Machi na tarehe 5 au 6 Oktoba. Basi tarehe 8 Machi nilichomeka uani kijiti chenye urefu wa mita moja, nikakinyoosha kwa kukilinganisha na uzi ulioning'inizwa msumari, na saa ya simu ilipotimia sita kamili nikainama kutazama. Kivuli kilikuwapo, sentimita 15 hivi, kimelala kuelekea magharibi bila haya.

Nilikaribia kuking'oa kijiti nikiamini kwamba nimekosea tarehe. Kilichoniokoa ni kiu: nilikaa barazani kunywa maji, na nilipotupa jicho tena kivuli kilikuwa kimepungua nusu. Saa sita na dakika 35 hakikubaki kitu ila ukingo mwembamba wa giza shinani mwa kijiti.

Ilinichukua siku kadhaa kupata sababu. Saa tunayoifuata Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambayo haipiti Tanzania wala Kenya bali Somalia, ilhali Tanga iko karibu na nyuzi 39. Dunia hujizungusha nyuzi moja kila dakika 4, kwa hiyo tofauti ya nyuzi 6 inatuchelewesha dakika 24. Dakika 11 zilizobaki zinatokana na mambo mawili yanayofanya kazi pamoja: mhimili wa dunia umeinama, na njia yake ya kulizunguka jua ni duaradufu, wala si duara kamili, hivyo kuna majira ambayo jua huchelewa na majira ambayo huwahi. Kijiti kimoja kilikuwa kimenifundisha mambo ambayo nilikuwa nimeyasoma mara nyingi bila kuyajali.

Kwa mtu anayeanza, ushauri ninaoweza kuutetea ni huu: pima kwanza, na kipimo kikikataa kukubaliana na kitabu, kaa nacho. Mimi nilianza kinyume. Kabla ya kijiti nilikuwa nimenunua dukani darubini ambayo boksi lake lilitangaza kwamba inakuza mara 525, nami nikaamini. Watazamaji wa anga wana kanuni kwamba ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo cha lenzi, na lenzi yangu ilikuwa ya milimita 60, maana yake ukomo wake ni mara 120. Zaidi ya hapo unakuza ukungu. Miguu yake nayo ilitetemeka kwa upepo mdogo tu wa baharini, hata mwezi ukawa unarukaruka ndani ya kioo.

Ukiwa na fedha kidogo, tafuta darubini ya macho mawili ya 7×50, ya namna ile wanayotumia mabaharia. Namba ya kwanza ni ukuzaji na ya pili ni kipenyo cha lenzi kwa milimita. Egemeza viwiko juu ya ukuta, usiishike hewani, na usiielekeze kwenye jua hata kwa nukta moja, maana itakupofusha. Kisha itafute sayari ya Mushtarii, ambayo ni angavu na haimeti kama nyota zinavyometa. Ubavuni mwake utaona nukta mbili, tatu au nne zimejipanga karibu mstari mmoja. Hiyo ndiyo miezi ambayo Galileo Galilei aliiona akiwa Padua mwezi Januari 1610.

Usiku wa kwanza, nakiri, haisisimui sana. Chora duara la sayari, weka nukta mahali zilipo, andika tarehe na saa, ukalale. Kesho zitakuwa zimehama. Kati ya miezi hiyo, Io humaliza mzunguko wake kwa saa 42 na nusu, Ganimede kwa siku 7 na kidogo, na Kalisto karibu siku 17. Daftari langu lina mapengo mengi ya mawingu, lakini baada ya wiki kadhaa niliweza kuutambua Kalisto bila kumwuliza mtu, kwa kuwa ndio uliokuwa ukienda mbali kuliko yote na kurudi bila haraka. Hapo ndipo nilipomwelewa Ole Rømer, mwanaastronomia wa Denmark, ambaye mwaka 1676 huko Paris alishughulikia tatizo linalofanana na la kivuli changu: Io ilikuwa ikichelewa kuingia na kutoka katika kivuli cha Mushtarii kila dunia ilipokuwa ikijitenga na sayari hiyo. Hakusema saa ni mbovu. Alisema nuru yenyewe inahitaji muda kusafiri, na leo tunajua kwamba huchukua takriban dakika 16 na nusu kuivuka njia ya dunia ya kulizunguka jua kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Vitabu vingi vya wanaoanza vimeandikwa kwa ajili ya watu wa kaskazini, nawe uvisome ukilijua hilo. Vitakuelekeza uanze na Nyota ya Kaskazini, ambayo kwetu imezama chini ya upeo wa macho, na vitakuchorea mwezi mwandamo umesimama kama mabano, ilhali wa kwetu hulala kama dau.

Somo lililo karibu zaidi nasi liko ufukweni. Mjomba wangu ni mvuvi wa ngalawa, na siku moja nilimwuliza, "Mjomba, kesho maji yatajaa saa ngapi?" Hakutazama bahari. Aliniuliza, "Mjomba, leo yamejaa saa ngapi? Ongeza saa moja kasoro kidogo." Hiyo kasoro kidogo nilikwenda kuipigia hesabu. Mwezi hukamilisha sura zake kwa siku 29 na nusu, kwa hiyo kila siku huachwa nyuma na jua kwa nyuzi 12 hivi, na nyuzi 12 mara dakika 4 ni dakika 48 au 50.

Bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, vina hesabu tamu zaidi. Jua lina uzito wa takriban mara milioni 27 ya ule wa mwezi, lakini liko mbali mara 389, na nguvu ya kuinua maji hupungua kwa mchemraba wa umbali. Zidisha 389 kwa 389 kwa 389, kisha igawanye milioni 27 kwa jibu hilo: utapata karibu 0.46. Jua huinua maji kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi. Wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, jua na mwezi huvuta kwenye mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye bamvua linafika, nalo pia limechelewa.

Oktoba nitakichomeka kijiti tena. Majira hayo jua huwahi, na hesabu yangu inasema kivuli kitapotea saa sita na dakika 12.