Bangi ya tiba Uingereza: maswali yenu

Tangu Novemba 1, 2018 madaktari wa Uingereza wanaruhusiwa kuandika dawa zitokanazo na bangi. Mlango huo ni mwembamba kuliko wengi wanavyodhani.

GP wangu (daktari wa familia) amekataa kuniandikia kwa maumivu sugu ya mgongo. Ana haki?

Anayo. Uamuzi wa kukuanzishia ni wa daktari bingwa aliye kwenye rejista ya mabingwa ya GMC, baraza linalosajili madaktari Uingereza. Hata hivyo, bingwa wa NHS (huduma ya afya ya umma) naye usimtegemee kwa maumivu sugu, kwani mwongozo wa 2019 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, unamwelekeza asiandike. NHS hutoa dawa hizi zaidi kwa kichefuchefu cha tiba ya saratani kilichoshinda dawa nyingine, misuli kukakamaa kwa wagonjwa wa MS (ugonjwa wa mfumo wa neva), na aina chache za kifafa kikali.

Ndiyo maana wengi huishia kliniki binafsi, kwa pesa zao. Huko wataomba muhtasari wa faili lako kutoka kwa GP, waone kama umejaribu walau tiba mbili za kawaida zikashindikana. Hapa ndipo watu wanapokwama: vidonge ulivyojinunulia dukani miaka yote haviko kwenye faili. Mweleze GP aviandike kabla hujaomba miadi. Ukiwa umewahi kuugua saikosisi (ugonjwa wa akili wa kuona au kusikia visivyokuwepo), tarajia kukataliwa, na ni sawa wakukatalie.

Mwanangu mwenye Dravet (kifafa kikali cha utotoni) kaandikiwa Epidyolex. Kipimo kinakwendaje?

Dawa hii ni ya maji: mililita 1 ina miligramu 100 za CBD, kemikali ya bangi isiyolevya. Kawaida huanza miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku. Baada ya wiki hupanda hadi 5. Mtoto wa kilo 20 basi huanza na mililita 0.5 asubuhi na 0.5 jioni, kisha 1 na 1. Kilichoandikwa na daktari wake ndicho cha kufuata. Tumia bomba la kupimia lililomo kwenye boksi. Kijiko cha chai hakifai.

Chakula huongeza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini, kwa hiyo chagueni moja: kila siku na chakula, au kila siku bila chakula. Akiwa anatumia pia klobazamu (dawa nyingine ya kifafa), anaweza kusinzia kupita kiasi. Valproeti, nayo dawa ya kifafa, huongeza hatari kwa ini, kwa hiyo msikose vipimo vya damu. Na msiikatishe ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu.

Maua ya bangi niliyoandikiwa, naweza kuyavuta?

Hapana, sheria imekataza kuyavuta kwa kuyachoma. Hutumiwa kwa kifaa cha mvuke. Yaache kwenye kopo lake lenye lebo ya famasia. Polisi akikusimamisha, lebo hiyo ndiyo ushahidi wako wa kwanza.

Na kuendesha gari?

Kikomo cha THC (kemikali ya bangi inayolevya) ni mikrogramu 2 kwa lita ya damu. Aliyeandikiwa na anayefuata maelekezo ana utetezi kisheria, mradi uendeshaji wake haujaathirika. Ukisikia usingizi, acha funguo nyumbani.

Naenda Mombasa wiki tatu. Nibebe?

Usibebe. Dawa ya chini ya miezi mitatu, pamoja na barua ya daktari, inatosha kwa forodha ya Uingereza tu. Kenya na Tanzania hazitambui barua hiyo, na kupitia Dubai nako ni hatari. Mwone daktari mapema akupangie dawa mbadala ya safari.