Shemeji aliomba glasi ya pili

Jumamosi iliyopita, saa mbili usiku, shemeji yangu alisukuma glasi tupu mezani akasema, "Shem, ongeza nyingine." Nikajifanya sijasikia ili arudie. Akarudia. Mke wangu aliinama akacheka kimya kimya, maana mle ndani ni yeye peke yake aliyejua kwamba maneno hayo nimeyasubiri tangu 2021.

Mwaka ule tulikuwa na kipaimara cha binti yetu. Bia zilikuwepo za kutosha, lakini mimi nikaona niwatengenezee watu kitu cha maana: Whiskey Sour, yaani wiski iliyotikiswa na limau na sukari. Nilikuwa nimeiona kwenye simu. Kijana anatikisa, anamimina, povu jeupe linakaa juu, kazi imekwisha. Nikanunua wiski ya Scotland yenye harufu ya moshi kwa sababu ilikuwa ghali, na mimi nilidhani ghali ndiyo tamu. Nikakamua ndimu kwa kukadiria, nikamwagia sukari ya mezani, nikatikisa. Sukari ikatulia chini kama mchanga. Shemeji akaonja, akakunja uso, akauliza mbele ya wakwe, "Hii umeandikiwa na daktari gani?"

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Na mimi nikacheka, nifanyeje. Kesho yake niliikuta glasi yake nyuma ya chungu cha maua, imejaa vilevile, ina sisimizi wawili juu. Wamekufa.

Basi nisikilizeni, ninyi mnaotaka kufanya haya nyumbani bila kuaibika kama mimi.

Chupa kwanza. Whiskey Sour ni kinywaji cha Wamarekani. Gazeti moja la Wisconsin lilikwisha kuitaja mwaka 1870, na wiski inayoielewa ni bourbon. Sheria yao inataka bourbon iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51, na ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa kwa ndani. Mahindi, jamani! Yale yale ya ugali. Mahindi yanaipa utamu, mbao zilizoungua zinaipa harufu ya vanila, na hapo ndipo limau linapata mwenzake wa kuongea naye. Ule moshi wangu wa Scotland na ndimu walikaa glasi moja kama wake wenza. Wala usinunue chupa ya bei ya kodi ya nyumba. Nunua duka unalolijua, tazama stempu ya TRA, wale watu wa kodi, hakikisha kifuniko hakijaguswa. Pombe bandia inaua, hilo silifanyii mzaha.

Halafu ndimu. Hapa Dar kila genge lina ndimu, limau mpaka ulitafute. Litafute. Ndimu ina ukali wake na kauchungu kanakobaki ulimini. Nikilikosa limau kabisa natumia ndimu na kupunguza kidogo, lakini nakamua dakika ile ile. Juisi ya limau ya chupa sitaki hata kuisikia.

Sukari ndiyo iliyonitia aibu kuliko yote. Nimekulia Tanga, jirani yetu alikuwa akipika kaimati, na nimelamba shira kwenye vidole vyangu utoto mzima. Leo nikatie sukari kavu kwenye kitu cha baridi nitegemee itayeyuka? Kikombe cha sukari, kikombe cha maji, moto mdogo mpaka iyeyuke, epua. Isifike uzito wa ile ya kaimati. Ikipoa weka kwenye friji.

Aliyenitoa gizani ni kaunta mmoja mtu mzima wa hoteli ya ufukweni, niliyekuwa nikimsumbua kila mshahara ukitoka. Miezi mingi ya kumwaga glasi kwenye sinki naiacha, haina hadithi. Alichonifundisha ni kimoja. Alinitazama nikimimina kwa mbwembwe akasema, "Mkono wako si mzani, mwanangu." Siku hiyo nikaanza kupima.

Pima. Kwa glasi moja: bourbon mililita 60, maji ya limau 25, shira 20, ute mweupe wa yai moja. Huna cha kupimia? Kile kikombe kidogo cha plastiki chenye mistari kinachokuja na dawa ya kikohozi ya watoto ndicho ninachopimia mpaka leo (shemeji, cheka tu). Tia vyote kwenye chupa ya jamu yenye kifuniko, tikisa bila barafu sekunde 15 au zaidi, hapo ndipo povu linapozaliwa. Shika kifuniko kwa nguvu. Changu kilifyatuka mara moja, na pazia la sebuleni lina doa ambalo mke wangu huwaonyesha wageni. Ndipo uweke barafu, utikise tena mpaka mikono iume kwa baridi, uchuje kwa kichujio cha chai. Kwenye glasi weka bonge kubwa la barafu, linayeyuka polepole; mimi nagandisha kwenye kopo la Blue Band, kisha navunja.

Yai liwe bichi la leo au jana, ganda safi lisilo na ufa. Hata hivyo lina hatari yake, kwa hiyo wazee na wenye afya dhaifu wanyime ute. Maji mazito yaliyochemshiwa dengu nayo hutoa povu zuri. Usimwambie mtu mpaka amalize kunywa.

Sasa vijana, mnaoniandikia kila wiki mkitaka njia ya mkato. Nawapenda lakini mnanichosha. Mtu hajui kupika shira, tayari anauliza bei ya vyombo vya chuma vya kutikisia. Hataki kupima, hataki kuonja, anataka picha ya povu. Povu lilinidanganya mimi, litawadanganya na ninyi. Pima, onja, rekebisha. Ikikaba koo ongeza shira kidogo, ikilewesha ulimi kwa utamu ongeza limau, kidogo kidogo, tone kwa tone. Kisha pima tena. Na wageni wako glasi mbili zinawatosha, anayetaka ya tatu akuachie funguo za gari.

Shemeji aliacha za kwake, akalala kwenye kochi. Asubuhi alikunywa chai, akaondoka bila kutaja lolote kuhusu jana, na mimi sikumchokoza. Jana mchana kanitumia ujumbe: "Shem, ile kitu unaweka nini na nini?" Nimeusoma. Tiki zake mbili zimekuwa za buluu tangu saa saba, na sijamjibu.